Kadi ya babu: ni kuazimisha au kuadhimisha?

Msomaji kaniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Familia yetu inaandaa siku ya kumkumbuka babu aliyefariki mwaka jana. Kaka yangu kaandika kwenye kadi 'Mnakaribishwa kwenye sherehe ya kuazimisha mwaka mmoja tangu babu atutoke.' Mimi naona kuna kitu hakijakaa sawa ila nashindwa kukisema. Ni hilo neno sherehe au? Na hafla nayo ni kitu gani?"

Marahaba, na poleni sana. Jicho lako liko vizuri, maana hapo vitu viwili havijakaa sawa, ngoja nianze na kile kinachochekesha.

Azima unaijua, ni ile ya "niazime jembe kesho nakurudishia". Sasa kuazimisha, ukilichukua kama kaka alivyoliandika, ni mambo ya kuazimana, yaani kadi inasema mmeamua kuutoa mwaka wa babu kwa mkopo, sijui kwa nani na ataurudisha lini. Neno alilolitaka ni kuadhimisha, na dh, na humo ndani kuna adhimu, kitu kikubwa chenye utukufu. Ndugu zake ni adhama na taadhima, na hata Mwadhama, lile jina la heshima ambalo Wakatoliki wanamwitia kardinali. Ukiadhimisha siku unaipa ukubwa wake, basi. Haisemi kama utacheka au utalia.

Hii dh na z inawasumbua wengi kwa sababu kwenye lugha zetu za nyumbani nyingi dh haipo, mtu anasema zambi na zahabu maisha yake yote na anaeleweka vizuri tu, halafu siku ya kuandika ndo inamtoa. Kwenye dhahabu hakuna hasara, maana zahabu haina maana nyingine. Hapa ipo, kwa sababu upande wa z una familia yake kamili: azma, kuazimia, azimio. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa uamuzi, watu waliazimia. Kwahiyo kikao kinatoka na maazimio na taifa linafanya maadhimisho, na yale "maazimisho" ninayoyaona kila siku hayako upande wowote.

Haya, sherehe. Neno hili lina historia tamu kidogo. Limetoka kwenye Kiarabu kwenye mzizi wa kufungua, na kufungua huko kukazaa mambo mawili. La kwanza ni kufungua maana, ndo maana ukifika mwisho wa diwani ya mashairi unakuta kurasa zimeandikwa SHEREHE na chini yake maneno magumu yamefafanuliwa, wanafunzi wakiona wanadhani kuna pati. La pili ni kufungua kifua, moyo ukawa mweupe, na hapo ndo tukapata sherehe ya nderemo na vifijo. Kwa matumizi ya kawaida ya leo sherehe ni furaha, kwahiyo kuipeleka kwenye kumbukumbu ya marehemu masikio yanakataa, na ndicho ulichokisikia wewe.

Ila usiende ukamwambia kaka kwamba sherehe haiwezi kuwa nzito. Kwenye kalenda ya Kanisa Katoliki siku zimepangwa kwa daraja, Sherehe ndiyo ya juu, halafu Sikukuu, halafu Kumbukumbu, na Sherehe ya Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba siyo siku ya muziki mnene. Huko neno limepewa kazi maalumu na waumini wanaelewa. Kadi ya familia haina kalenda nyuma yake, inasomwa na kila mtu.

Niliwahi kukaa kwenye kumbukumbu kama hiyo yenu, watu wametulia, mjane kashika picha mapajani, mara kijana mmoja kachukua maiki akajitambulisha: "Mimi ndiye mshereheshaji wenu wa leo." Mjane akamtazama, hakusema kitu. Yule kijana hakuwa na nia mbaya hata kidogo, neno hilo kalizoea kwenye maharusi. Angesema mwongozaji tu yangeisha.

Hiyohiyo ndo shida ya vichwa vya habari vinavyosema watu "washerehekea Siku ya Ukimwi Duniani" kila inapofika 1 Desemba. Unasherehekea nini hapo? Siku hiyo huadhimishwa. Tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, hiyo iadhimishe na uisherehekee vyote viwili, sina ugomvi.

Hafla haina makuu, ni mkusanyiko ulioandaliwa, wenye ratiba na wageni. Haijajipaka furaha wala huzuni, kwahiyo hafla ya kuapishwa sawa, hafla ya kukabidhi magari sawa. Angalia tu isiwe ghafla, nimeshaona tangazo la "ghafla fupi ya chakula cha jioni" na nikajiuliza wageni walijiandaaje. Tafrija kwenye shughuli yenu iacheni kabisa.

Sasa kadi. Mimi ningeandika "Kwa heshima na taadhima tunawakaribisha kwenye kumbukumbu ya mwaka mmoja tangu babu yetu atutoke." Kumbukumbu inatosha, na wanaopenda kumbukizi nayo sawa, siku hizi inasikika sana. Mkitaka lazima kuadhimisha iwepo, andikeni "katika kuadhimisha maisha yake". Na ni taadhima, siyo "tahadhima", hiyo inatokea mtu akiichanganya na tahadhari na kadi inaanza kusomeka kama onyo la mbwa mkali getini.

Kama zimeshachapwa basi msitupe hela, gaweni hivyohivyo. Ila maiki mpeni mtu ambaye hatajiita mshereheshaji.