Kompyuta Inaonyesha Jina la Kifaa Lakini Haiungani Nacho

SWALI: Ndugu Mhariri, vipokea sauti vyangu vya Bluetooth vilifanya kazi vizuri na kompyuta ya mezani hapa nyumbani hadi nilipovioanisha na simu mpya. Tangu hapo jina lake lipo kwenye orodha ya kompyuta, lakini kila nikijaribu kuunganisha naambiwa imeshindikana. Nimezima na kuwasha kompyuta mara nyingi bila mafanikio. Je, ninunue vingine?

JIBU: Ndugu msomaji, nakuomba usinunue kitu kwanza. Maadamu vipokea sauti hivyo vinasikika vizuri kwenye simu, havijaharibika. Vifaa viwili vinapooanishwa kwa mara ya kwanza, hutengeneza ufunguo wa siri ambao kila kimoja hubaki na nakala yake, na kila vinapokutana tena huutumia kutambuana bila kukusumbua. Baadhi ya vipokea sauti hukumbuka vifaa vichache tu, kwa hiyo huenda simu yako imechukua nafasi ya kompyuta, ilhali kompyuta bado inashikilia ufunguo ambao upande wa pili umekwisha kuufuta. Jina unaloliona kwenye orodha ni kumbukumbu ya kompyuta tu, nalo litaendelea kuwapo hata ukivizima vipokea sauti.

Dawa yake ni kufuta kumbukumbu hiyo pande zote mbili. Anza kwa kuzima Bluetooth kwenye simu, kwa sababu simu iliyo karibu huvidaka vipokea sauti mara tu vinapowashwa. Kisha ingia katika mipangilio ya Bluetooth ya kompyuta, ukiondoe kifaa hicho kabisa, halafu uvirejeshe vipokea sauti katika hali ya kiwandani kwa kufuata kijitabu chake cha maelekezo. Hatua inayofuata ndiyo inayowakwamisha wengi, kwa kuwa kuwasha kifaa si sawa na kukiweka tayari kuoanishwa. Kikiwashwa tu, kifaa hutafuta wale kinaowafahamu. Ili kikubali mgeni, mara nyingi ni lazima uendelee kushikilia kitufe kwa sekunde kadhaa, hadi taa ianze kumetameta kwa haraka au kupishana rangi. Hapo ndipo uiagize kompyuta iongeze kifaa kipya.

Kuhusu kuzima na kuwasha, katika Windows 10 na 11 kuna utaratibu wa kuwaka haraka, ambao kwenye kompyuta nyingi huwa umewezeshwa tangu mwanzo. Utaratibu huo huhifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski unapozima, zikiwamo programu endeshi za vifaa, hivyo hitilafu ya jana inaweza kuamka pamoja na kompyuta kesho yake. Chagua amri ya kuwasha upya, kwani hiyo ndiyo inayoanza kila kitu mwanzo.

Ikiwa vitaungana lakini sauti ikawa inakatika, chungulia nyuma ya kompyuta. Kompyuta nyingi za mezani huja na antena za kufunga kwa mkono, zinazotumiwa na Wi-Fi na Bluetooth kwa pamoja, na wapo wanaoziacha ndani ya boksi kwa kudhani hazina kazi maadamu intaneti yao inapita kwenye waya. Kama unatumia kipokezi cha Bluetooth cha kuchomeka, kitenge na diski ya nje ya USB 3.0, ambayo huweza kuvuruga mawimbi ya 2.4 GHz yanayotumiwa na Bluetooth. Waya mfupi wa kurefusha USB unatosha.

SWALI: Kipanya changu kisicho na waya hakionekani kabisa kwenye orodha ya Bluetooth, ingawa betri ni mpya.

JIBU: Yamkini kipanya hicho hakitumii Bluetooth. Vipanya vingi huwasiliana na kipokezi chake chenyewe cha USB, ambacho hakihitaji kuoanishwa kwenye mipangilio. Fungua kifuniko cha betri, kwani mara nyingi kipokezi hicho huhifadhiwa humo, kisha ukichomeke kwenye kompyuta.