Upepo wa kusi ni wetu pia: nilivyojifunza wingifoili Paje

Juzi dada mmoja wa Makunduchi kaniandikia baada ya kuiona picha yangu nikiwa nimenyanyuka juu ya maji pale Paje, pwani ya mashariki ya Unguja. Aliuliza mambo matatu. Mtu ambaye si mtalii anakubaliwa kujifunza? Avae nini? Na mtu aliyekwisha zaa, mwenye umri wake, ataweza kweli? Jibu fupi nimempa kwenye simu. Jibu refu naliandika hapa, maana najua wengi mnaonisoma mnautamani mchezo huu na mnaogopa kuuliza.

Kwa asiyeuona bado: kuna ubao, na chini ya ubao kuna nguzo ya karibu sentimita 80. Mwisho wa nguzo, ndani ya maji, kuna mbawa mbili, kubwa mbele na ndogo nyuma. Hiyo ndiyo foili. Mkononi unashika bawa la kitambaa lililojazwa upepo kwa pampu. Upepo unavuta bawa, ubao unakwenda, na mwendo ukizidi zile mbawa za chini zinauinua ubao wote juu ya maji. Hakuna zile kamba ndefu za kaiti, lile tiara kubwa linalomvuta mtu majini. Bawa unalo mkononi, na ukitaka kulizima unaachia mkono wa nyuma, linapepea bila kuvuta.

Sasa niseme la kwanza, la kukubaliwa.

Hoteli ya kwanza niliyokwenda sikukubaliwa. Nilitoka Mjini na gari ya Bwejuu, nimevaa buibui langu, pesa ninazo mkobani. Kijana wa mapokezi akaniuliza kama nimekuja kwa usaili wa kazi ya vyumba. Kazi ya vyumba ni kazi ya halali, mama yangu mdogo ameifanya miaka mingi na imesomesha watoto wake. Kilichoniuma ni kuwa halikumjia wazo jengine lolote. Nikamwambia nataka kujifunza wingifoili. Akamwita mkubwa wake, na mkubwa akaniambia kwa upole kabisa kuwa masomo ni ya wageni wanaolala pale, na kwamba watu wa hapa hawarudi somo la pili. Nyuma yake ukutani pana bei kwa dola. Nje, kijana wa Kizungu aliyeshuka sasa hivi kwenye teksi na begi lake, akiuliza njia ya hoteli yake nyengine, alikuwa akivalishwa jaketi la kuelea.

Hasira ya siku ile sijaimaliza. Naiandika kwa sababu wewe unaweza kukutana nayo, na nataka ikikukuta usirudi nyumbani. Mimi niliendelea kutembea ufukweni na bahari upande wa kulia, nikafika skuli nyengine, na pale nikampata mwalimu wangu, kijana wa Bwejuu aliyeanza kwa kuosha vifaa vya wageni kwa maji ya chumvi kidogo. Aliniuliza: unaogelea? Una kilo ngapi? Bamvua lini? Hilo la tatu, la siku za maji makubwa, nililijibu kabla hajamaliza kuuliza.

Hapa ndipo nataka kila mwenyeji asimame. Mgeni akija Paje analipia somo zima ili afahamishwe maji na upepo. Sisi tumekua navyo. Kusi inavuma kuanzia Juni mpaka Septemba, kaskazi kuanzia Disemba mpaka Februari, na baina yao kuna tangambili ambapo upepo haujui uendako, wala usipoteze nauli. Ukisimama Paje ukatazama bahari, kusi inatoka kuliani na kaskazi inatoka kushotoni. Zote mbili zinakurudisha pwani pwani, hazikutoi nje. Ndiyo maana pahala pale pamekuwa maarufu duniani. Anayeanza hawezi bado kwenda joshini, yaani kuupanda upepo, kwa hivyo wakati wa kusi atashuka taratibu upande wa Bwejuu na wakati wa kaskazi upande wa Jambiani, halafu arudi kwa miguu amebeba ubao. Vaa viatu vya maji. Chini kuna vile viumbe vyeusi vya miiba mirefu, na mwiba wake ukivunjika ndani ya nyayo utauhisi wiki nzima.

Maji ndiyo yanayoamua zaidi. Mwezi ukiandama na ukifika 15, ni bamvua: bahari inakauka saa 4 asubuhi hivi mpaka karibu na mwamba, na inajaa saa 10 alasiri. Baina ya kujaa na kupwa inakaribia mita 4. Siku za bamvua foili ni ya alasiri tu, maji yakiwa kifuani, kwa sababu ile nguzo ikigonga chini wewe unarushwa mbele na kifaa cha watu kinavunjika. Ikifika tarehe 7 au 8 ya mwandamo, au 22, ni maji mafu. Hayajai sana wala hayakauki sana, na hizo ndizo siku nzuri za kujifunza bawa peke yake, kwa ubao usio na foili, mchana kutwa. Kila siku maji yanachelewa karibu dakika 50. Bibi yako anaijua hesabu hii bila ya simu. Muulize.

Kilo zako zinaamua ubao. Hesabu ni rahisi: kilo zako, ongeza 30 mpaka 40, hizo ndizo lita za ubao wa mwanafunzi. Mwenye kilo 65 apewe ubao wa lita 100 au zaidi kidogo. Skuli ikikupa ubao mdogo kwa sababu mkubwa umechukuliwa, ngoja. Utazama na kuchoka, halafu watasema watu wa hapa hawarudi somo la pili. Foili nayo iwe ya bawa kubwa la mbele, maana kubwa linanyanyuka kwa mwendo mdogo na halikimbii. Upepo wa kilomita 25 mpaka 35 kwa saa unatosha. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya upepo wa kilomita 40, kaa ufukweni utazame wenzako wazoefu.

Somo la mchangani sina mengi ya kusema. Unafundishwa kulishika bawa juu ya kichwa, kuligeuza, kutoiacha ncha yake iguse maji. Fanya unavyoambiwa.

Majini ndiko nilikokaa muda mrefu. Unaanza kwa magoti katikati ya ubao, bawa juu, unasubiri livute, halafu unaleta mguu wa mbele, kisha wa nyuma. Nilikuwa nasimama, nakwenda kidogo, mwendo unakufa. Nasimama tena, unakufa tena. Mwalimu ananiambia vuta, navuta, na ubao unasimama pale pale. Siku moja ami yangu wa Jambiani, aliyevua kwa ngalawa tangu kijana, alikuja kunitazama. Alikaa chini ya kivuli cha hoteli hata walinzi wakataka kumuuliza, nikawaambia ni ami yangu. Nilipotoka akasema maneno mawili: legeza demani. Demani ni ile kamba ya kukazia tanga. Tanga likikazwa mno linakufa, upepo hauna pa kupita. Nikarudi majini, mkono wa nyuma nikauachia kidogo tu, na bawa likavuta kwa nguvu ambayo sikuwahi kuisikia. Mwalimu wangu siku hizi anawaambia wanafunzi wake wote, mpaka Wataliano, legeza demani.

Kwa hivyo ushauri wangu mkubwa wa kifundi ni huo. Mkono wa nyuma uwe mwepesi. Macho yatazame mbele, usitazame miguu. Na ubao ukianza kunyanyuka, uzito utie mguu wa mbele, kwa utulivu, kwa sababu ukiuacha unyanyuke juu mno foili inatoka majini na unaanguka ghafla.

Siku iliyoninyanyua ilikuwa kusi ya alasiri, maji yamejaa, bamvua ya mwezi mpevu. Kelele za maji chini ya ubao zilikatika. Nikasikia upepo peke yake na pumzi yangu. Nilisema Alhamdulillah kwa sauti nikaanguka, nikaibuka nacheka, na pwani nzima ya vijana wa kaiti wakanipigia makofi. Mimi mtoto wa kike wa Unguja, mama wa watoto, nimeruka juu ya bahari ya kwetu. Sitaificha fahari hiyo, na wewe ukifika usiifiche.

Kuanguka kuna adabu yake. Anguka mbali na foili, kwa mgongo au kwa ubavu, usitangulize kichwa hata siku moja. Vaa kofia ngumu na jaketi. Kamba ya mguuni ya ubao na kamba ya bawa zikaguliwe kabla hujaingia. Na uliza kama skuli ina mashua ya kukufuata, na uione kwa macho.

Mavazi: suruali ya kubana ya kuogelea, fulana ya mikono mirefu, kilemba cha kuogelea kinachobana. Burkini, vazi la kuogelea la kujisitiri, pia inafaa, mradi isiwe na vipande vinavyopepea na kunasa. Hakuna aliyenisema majini.

Kuogelea lazima, na hapa nasema na wazazi. Najua tunavyoiogopa bahari. Usiku wa Spice Islander, Septemba 2011, meli ikienda Pemba, mtaa wetu mzima ulilia, na kabla mwaka haujatimia ikazama Skagit, Julai 2012. Mama yangu alitukataza hata kulowesha magoti. Namwelewa. Lakini mtoto wa kisiwa asiyejua kuogelea hatujamlinda, tumemwacha. Kule Nungwi Panje Project imefundisha wasichana kuogelea wakiwa wamejisitiri, na picha zao zikashinda tuzo ya World Press Photo 2018. Tusisubiri picha. Tuwapeleke watoto wetu majini wangali wadogo, mabinti kwanza.

Na nyinyi wenzangu mnaokwisha kujua, acheni kupita juu ya mashamba ya mwani. Wanawake wa Paje na Jambiani wanalima mwani pale tangu 1989, kabla hakujakuwa na bawa wala kaiti ufukweni. Maji yakijaa vigingi havionekani, foili inakata kamba, na mwani wa wiki kadhaa unachukuliwa na mkondo. Nendeni maji yakiwa yamekauka, tembeeni, muone kila shamba liko wapi, muwasalimie wenyewe. Ukikata kamba ya mtu, mtafute ulipe siku hiyo hiyo.

Wenye skuli nao nina neno nao. Andikeni bei ya mwenyeji ukutani, kwa shilingi, isomeke na kila anayeingia. Vijana wanaowaoshea vifaa wapeni saa moja ya bawa kila jioni yenye upepo. Na mwanamke wa buibui akiingia mlangoni, muulizeni ana kilo ngapi.