Sungura, Chipukizi na Kaburi la Nyeri

SWALI: Mhariri, mwanangu aliye gredi ya tatu amejiunga na skauti shuleni, na amerudi nyumbani akijivunia kuitwa Sungura. Naomba kufahamishwa chama hiki kilianza lini nchini Kenya, kimepangwaje, na kwa nini maskauti humiminika Nyeri kila Februari. – Mzazi, Nakuru

JIBU: Uskauti ulianzishwa na Robert Baden-Powell, mwanajeshi Mwingereza aliyepiga kambi na wavulana wachache katika kisiwa cha Brownsea mwaka 1907, na kufikia 1910 ulikuwa umekwisha kuingia Kenya. Uliingia pamoja na ubaguzi wa kikoloni: watoto wa Kizungu, wa Kihindi na wa Kiafrika walitengewa vikosi vyao mbalimbali, ilhali kanuni waliyoahidi kuitii wote ilisema kwamba skauti ni ndugu wa kila skauti mwenzake. Jambo hilo ni nadra kutajwa katika sherehe, nami naona lingefaa kutajwa. Baada ya uhuru, mwaka 1964, chama cha Kenya kilipokewa katika shirika la skauti duniani.

Sungura si cheo bali ni rika. Hao ndio wadogo kabisa. Wakikua huwa Chipukizi, kisha Mwamba, na waliotimiza miaka 18 huitwa Jasiri. Ndani ya kikosi cha shule, watoto hugawanywa katika vikundi vya sita hadi wanane, kila kimoja kikiongozwa na mtoto mwenzao, na hapo ndipo kazi yenyewe ya uskauti hufanyika. Juu yao wako makamishna, hadi Kamishna Mkuu wa taifa, na Rais wa nchi ndiye mlezi wa chama.

Ama kuhusu Nyeri, Baden-Powell alihamia huko mwaka 1938, akaishi katika nyumba ndogo aliyoiita Paxtu, akafariki tarehe 8 Januari 1941 na kuzikwa mjini humo. Tarehe 22 Februari ni siku aliyozaliwa, na ndiyo maskauti huiadhimisha kwa kuzuru kaburi lake. Juu ya jiwe la kaburi imechorwa duara yenye nukta katikati, ambayo ni alama ya njia wanayoachiana maskauti porini. Maana yake ni "nimekwenda nyumbani". Muulize mwanao baada ya muda. Huenda akakuchorea mwenyewe.