Mnasubiri hela ya ukumbi? Mimi nilisubiri miaka 11 bila kupokea komunio

Hiyo kamati ya harusi unayotaka kuiunda wiki ijayo usiiunde. Salamu ntatoa mwishoni nikikumbuka.

Umeandika unaishi na mwenzako mwaka wa nne, mna mtoto wa mwaka na nusu, yeye Mlutheri wewe Mkatoliki, na mmekubaliana ndoa ya kanisani isubiri mpaka zipatikane milioni 12, labda Desemba mwakani. Halafu ukauliza maswali kama matano, ubatizo wa mtoto, pete, kwaya, nini na nini. Mdogo wangu, mimi nilivyofika kwenye "isubiri" tumbo likanikata, hayo mengine nimeyapitia juujuu tu.

Maana hiyo "isubiri" naijua. Mimi na mume wangu tulianza kuishi pamoja 2010, hapa Mwanza, mahari ishatolewa, wazee washakula mbuzi, kila mtu ananiita mama fulani. Tukasema kanisani tutaenda mambo yakikaa sawa. Mwaka 2013 tukaona sasa yamekaa. Jumuiyani kwetu kulikuwa na mama mmoja, mwenyekiti wa kila harusi mtaani, akanikalisha chini akaniambia, "Ndoa ya kanisani bila ukumbi ni kama msiba, watu watajua una mimba." Nina mtoto wa miaka miwili mgongoni, mimba gani tena ya kuficha! Lakini nilimwamini, anasali rozari kuliko mimi, ningembishia na nini.

Basi kamati ikaundwa. Bajeti milioni 9 na laki 4. Kadi za mchango 120. Vikao kila Jumapili baa, kwa sababu eti wajumbe hawaji pakavu, na bia na mishkaki ya wajumbe inatoka kwenye michango hiyohiyo, mhazini anaandika "gharama za uendeshaji" utadhani ni halmashauri. Ahadi kwenye daftari zilifika milioni 7 na kitu. Hela taslimu zilizoingia, milioni 2 na laki 6. Tukalipa advansi ya ukumbi laki 8, MC laki 2, mama mkwe akaanguka presha, hela iliyobaki ikaenda hospitali, tarehe ikasogezwa, mwenye ukumbi akasema advansi hairudi, MC hata simu hakupokea. Mpaka leo nikimsikia anachekesha watu kwenye spika za jirani nafunga dirisha.

Sasa sikiliza hapa, maana kosa lenyewe ndo hili na kupoteza hela halikuwa kosa. Hela zinapotea tu. Kosa ni kwamba baada ya pale tulikuwa tunaweza kwenda kwa paroko wiki inayofuata tukafunga ndoa kimya, na hatukwenda, MIAKA NANE, kwa sababu tuliogopa waliochanga watasema tumekula michango yao! Unaelewa? Kuna mtu alichanga elfu ishirini 2013, mimi, kwa kuwa naishi na mwanaume bila ndoa ya kanisani, nakosa Ekaristi mpaka 2021 kwa kumwogopa yeye. Kila Jumapili wakati wa komunio nageuza magoti pembeni watu wapite kwenye benchi, najifanya natafuta kitu kwenye pochi. Ilifika mahali najua kila kitu kilichomo kwenye ile pochi, risiti, pini, pipi ya mtoto imeyeyuka.

Mwaka 2021 binti yetu akapata komunio ya kwanza. Katekista akatangaza wazazi wanaopokea wasimame nyuma ya watoto wao. Gauni nimemshonesha mimi, viatu vyeupe vinambana kidogo anachechemea, foleni inasogea, anageuka nyuma anaangalia, hakuna mtu. Shangazi yake akaruka kutoka benchi la tatu akaenda kusimama pale. Mimi na baba yake tumekaa tunaangalia migongo ya watu. Jioni anavua soksi akaniuliza bila ubaya wowote, "Mama, nyie mlifanya nini?"

Niambie ungejibu nini. "Mwanangu, tulikosa ukumbi"?

Jumanne yake nikaenda ofisi ya parokia peke yangu, nimejifunga kitenge kama naenda kuomba kazi. Paroko yuko nje anahesabu mifuko ya saruji na fundi. Nilijiandaa kufokewa. Akaniuliza wote mmebatizwa, nikasema ndiyo. Kuna aliyewahi kufunga ndoa na mtu mwingine, nikasema hakuna. Akasema, "Sasa mnasubiri nini?" Nikasema hela, Padre. "Hela ya nini?" Nikakaa kimya. Nilitafuta jibu kweli, sikulipata.

Akanionyesha, kanuni 1108 kwenye Sheria za Kanisa: ndoa inafungwa mbele ya paroko, au padre au shemasi aliyeruhusiwa, na mashahidi wawili. WAWILI. Hakuna keki humo, hakuna sare za kamati, hakuna gari lenye maua. Tulipeleka vyeti vya ubatizo vilivyotolewa upya vinavyoonyesha kipaimara na kwamba hatujawahi kufunga ndoa, barua ya jumuiya, tukafundishwa jioni kadhaa, tukatangazwa Jumapili tatu (serikali nayo kwa Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka notisi ya siku 21, kwa hiyo humo ndani na yenyewe ikapita), tukaungama, mimi nilikaa kwenye kitubio mpaka mtu wa nyuma yangu akakohoa, na tukafunga misa ya saa kumi na mbili asubuhi siku ya kazi. Gauni la kuazima. Pete za silva. Chai, maandazi na chapati nyumbani kwa watu kumi na tatu. Jumla ya yote haikufika laki mbili, na kufikia saa tatu mume wangu alikuwa kazini.

Na wale waliochanga niliowaogopa miaka nane? Nilikutana na mmoja sokoni nikajikaza nikamwambia tumefunga ndoa jamani, ile michango ya kipindi kile... akanikata, "Kwani mlikuwa hamjafunga?" Alishasahau! Yule mama mwenyekiti ndo kabisa, alikuja kula maandazi akasema yeye siku zote alituambia tusihangaike na makubwa. Sikumjibu, nilikuwa nimetoka kupokea, nikaona nisiharibu mapema yote hayo.

Nina kinyongo na kanisani pia, niseme ukweli. Matangazo ya mwisho wa misa tunakaa dakika ishirini kusikia nani kachangia bati ngapi, lakini sijawahi kusikia mtu anatangaza kwa uwazi kwamba ndoa bila sherehe ni ndoa kamili. Na si kwamba wakubwa hawajui, marehemu Papa Fransisko kwenye wosia wake wa 2016, Amoris Laetitia, aliwataja kabisa watu wanaoishi pamoja wasifunge ndoa kwa ajili ya gharama za sherehe. Sasa Roma wanajua, sisi huku mtaani hatuambiani.

Kuhusu mwenzako Mlutheri, usimsikilize huyo aliyekujibu hapo juu kwamba lazima abatizwe upya. Ubatizo wa Kilutheri Kanisa linautambua. Inayohitajika ni ruhusa ya askofu kwa ndoa mseto, na anayeiomba ni paroko wako, na hiyo ndo sababu nyingine ya kwenda ofisini mapema, maana karatasi zina safari yake. Kama kati yenu kuna aliyewahi kufunga ndoa, hilo mseme mapema, hapo hadithi yangu haikusaidii sana. Na yule msomi anayekwambia mkikaa miaka miwili sheria inawachukulia mke na mume, hajakosea, ila hiyo utaihitaji mahakamani mkianza kugombania kabati. Padre haangalii hiyo.

Mtoto abatizwe, habebi deni lenu. Anachotaka kujua paroko ni kama atalelewa kwenye imani, na ukienda na mpango wa ndoa mkononi mazungumzo yanakuwa mafupi.

Sherehe fanyeni mkitaka, sijaokoka nikawa naikataa bia. Fungeni ndoa kwanza, halafu hizo milioni 12 zikija mcheze kwaito mpaka asubuhi mkiwa na cheti ndani. Wakiuliza mbona mmeanza na kanisa, waambie kuna dada mmoja mkali mtandaoni.

Pete uliuliza nini, dhahabu au silva? Yangu ya silva imeshapauka kwa sabuni ya kufulia na bado haitoki kidoleni. Swali la kwaya silioni tena na sipandishi juu kulitafuta.

Tumsifu Yesu Kristo. Jumatatu mapadre wengi wanapumzika, kwa hiyo nenda Jumanne asubuhi, na jioni yake nakuuliza hapahapa umeambiwa nini.