Maswali ya Wasomaji: Je, Madirisha ya Vioo Viwili Yanafaa kwa Mwenye Bajeti Ndogo?

SWALI: Ndugu Mhariri, nyumba yetu ni ya zamani. Ina madirisha manane ya fremu za mbao yenye kioo kimoja kimoja, na iko mahali ambapo baridi hudumu karibu nusu mwaka. Asubuhi vioo hutiririka maji, na bili ya kupasha nyumba joto inatulemea. Fundi aliyekuja kupima ametushauri tung'oe madirisha yote tuweke ya vioo viwili, akisema bili itashuka kwa nusu. Fremu mbili zimeoza upande wa chini, sita zilizobaki bado ni imara. Fedha tuliyo nayo haitoshi bila kukopa. Je, tukope, tungoje, au kuna njia nyingine?

JIBU: Ndugu msomaji, naomba tuanze na ile ahadi ya bili kushuka kwa nusu, kwa kuwa ndiyo inayowapeleka wengi kwenye mkopo kabla hawajapiga hesabu. Uwezo wa dirisha kupitisha joto hupimwa kwa wati kwa kila mita ya mraba, kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya joto la ndani na la nje, na kipimo hicho huandikwa kwa herufi U. Namba ikiwa ndogo, joto linalotoroka nalo huwa dogo. Kioo kimoja kina U ya takribani 5.7. Vioo viwili vya kawaida, vilivyotenganishwa na hewa kavu, vina 2.8 hivi. Vioo viwili ambavyo kimoja chake kimepakwa utando mwembamba sana wa kuakisi joto, na ambavyo nafasi ya katikati imejazwa gesi ya agoni badala ya hewa, hufikia 1.2 na wakati mwingine chini ya hapo.

Kwa namba hizo, vioo viwili vya kawaida hupunguza joto linalopotea kupitia kioo kwa karibu nusu. Ili bili nzima nayo ishuke kwa nusu, ingebidi joto lote la nyumba yenu liwe linatokea madirishani, na kuta, paa, sakafu na milango visiwe vinapoteza chochote. Hata mkinunua vile vilivyo bora zaidi, vinavyopunguza upotevu huo kwa takribani asilimia 80, bado madirisha yangepaswa kuwa njia ya zaidi ya asilimia 60 ya joto lote linalotoka, jambo ambalo ni vigumu kulikuta katika nyumba ya kawaida, hasa ya zamani ambayo paa lake halikuwekewa kizuizi cha joto. Huenda fundi wenu ni hodari wa kazi yake, lakini kauli hiyo ni ya mwuzaji.

Hesabu ya nyumba yenu mnaweza kuipiga wenyewe kwa futi kamba na karatasi. Tuseme vioo vyote kwa pamoja ni mita 10 za mraba, na kwamba katika siku 200 za baridi ndani huwa na joto zaidi kuliko nje kwa wastani wa nyuzi 10. Kutoka U ya 5.7 hadi 1.2 ni tofauti ya 4.5, mkizidisha kwa mita 10, kisha kwa nyuzi 10, mnapata wati 450 ambazo hita haitalazimika kuzitoa. Siku 200 ni saa 4,800, na uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja, kwa hiyo akiba ni uniti 2,160 kwa mwaka, ikiwa nyumba nzima hupashwa joto usiku na mchana. Anayewasha hita jioni tu ataokoa kiasi kidogo kuliko hicho, na anayetumia pampu ya joto, yaani mashine inayovuta joto la nje na kuliingiza ndani, inayotoa uniti tatu za joto kwa kila uniti moja ya umeme ataokoa uniti 720 za umeme, si 2,160. Zidisheni akiba yenu kwa bei ya uniti mnayolipa, kisha mgawanye gharama ya kazi yote kwa jibu hilo, nanyi mtapata idadi ya miaka ya kurudisha fedha. Vioo viwili vilivyozibwa vizuri kiwandani hudumu kwa kawaida miaka 20 hadi 25 kabla kingo zake hazijaanza kupitisha unyevu; hesabu ikitoa miaka 30, na riba ya mkopo haijaingizwa, basi kwa upande wa fedha madirisha hayo hayajilipi.

Hesabu hiyo ya kugawanya gharama yote, hata hivyo, inayafaa tu madirisha sita yaliyo mazima. Yale mawili yaliyooza yana hesabu yake ya peke yake, kwa sababu mtayabadilisha hata kama vioo viwili visingekuwapo duniani. Kwa hayo, kinachowekwa kwenye mizani si bei nzima bali ni ile nyongeza tu kati ya dirisha jipya la kioo kimoja na dirisha jipya la vioo viwili, maana fremu, usafiri na ujira wa fundi mtavilipa kwa vyovyote vile. Tena katika nchi nyingi za baridi kanuni za ujenzi zimeweka kiwango cha U ambacho dirisha jipya la kioo kimoja haliwezi kukitimiza, kwa hiyo huenda hata hilo la kuchagua hamna. Ushauri wangu ni kwamba mbadilishe hayo mawili, mchukue yenye utando na agoni, wala msikope kwa ajili ya yale sita.

Katika hayo sita, kazi ya kwanza ni kuzuia hewa kabla ya kufikiria kioo. Jioni yenye upepo, lowesheni mgongo wa mkono mkaupitishe polepole kwenye maungio ya fremu, hasa pembe za chini na pale pande mbili za dirisha zinapokutana. Palipo na ubaridi wa ghafla ndipo fedha yenu inapotokea. Utepe wa sponji wenye gundi, puti mpya pale ya zamani ilipopasuka, na komeo linalobana dirisha sawasawa kwenye fremu yake ni vitu vya gharama ndogo, na katika madirisha ya zamani mara nyingi nafuu yake huonekana usiku uleule. Kununua vioo viwili huku mianya hiyo imeachwa ni sawa na kuvaa koti zito bila kufunga vifungo. Ila chumba chenye jiko la mkaa au la kuni, au hita ya gesi isiyo na bomba la kutoa moshi nje, kisizibwe kabisa, kwa kuwa gesi ya kaboni monoksaidi inayotokana na moto huo haina rangi wala harufu, na huua.

Kazi ya pili ni kuongeza tabaka la pili bila kung'oa la kwanza. Bamba angavu la akriliki lililokatwa kwa vipimo vya dirisha, likashikizwa upande wa ndani wa fremu kwa mkanda wa sumaku, hufungia hewa katikati na kushusha U ya kioo kimoja hadi karibu na ile ya vioo viwili vya kawaida, na baridi ikiisha hubanduliwa na kuhifadhiwa. Asiyeweza hilo hutumia nailoni angavu inayobandikwa kuizunguka fremu na kukazwa kwa mashine ya kukaushia nywele hadi mikunjo iishe. Haipendezi machoni na huchanika upesi, lakini kwa chumba cha kulala humaliza msimu. Dirisha ambalo watu wangelitumia kutorokea moto lisiwekewe kitu kisichobanduka kwa mkono mmoja. Mapazia mazito nayo husaidia usiku, mradi yasining'inie mbele ya hita na kupeleka joto lake kwenye kioo.

Huenda mtaambiwa pia kwamba fremu nzima zibaki na vibadilishwe vioo tu. Wazo ni zuri mahali linapowezekana, lakini vioo viwili vya milimita 4 vyenye nafasi ya milimita 16 vina unene wa milimita 24, na fremu nyingi za zamani hazikuchimbwa kina hicho. Pimeni kwanza.

Kuhusu maji ya asubuhi, hapo vioo viwili vina sifa ambayo hesabu ya bili haiioneshi. Nje kukiwa na nyuzi 0 na ndani nyuzi 20, uso wa ndani wa kioo kimoja huwa na nyuzi 5 hivi, wa vioo viwili vya kawaida nyuzi 12 au 13, na wa vioo vyenye utando takribani 17. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 50 huanza kutoa umande inapogusa kitu cha nyuzi 9. Ndiyo maana kioo chenu hutoka jasho na cha jirani mwenye vioo viwili hubaki kikavu. Tofauti hiyo huihisi pia mtu aliyeketi karibu na dirisha, na kwa mzee au mtoto mchanga ina thamani yake hata kama haionekani kwenye bili. Lakini unyevu wenyewe hutokana na pumzi, upishi na nguo zinazoanikwa ndani, kwa hiyo mkibadilisha kioo bila kuingiza hewa safi, utahamia kwenye pembe za ukuta na kuleta ukungu.

Siku mtakapoletewa yale madirisha mawili, washeni kiberiti cha gesi mbele ya kioo gizani. Katika vioo viwili mtaona taswira nne za mwali, na kama utando upo kweli, moja kati ya hizo nne itakuwa na rangi tofauti na wenzake. Mkiona zote zina rangi moja, msimalizie malipo hadi mwuzaji aeleze.

SWALI: Madirisha yetu ya vioo viwili yana miaka mingi, na moja limeingia ukungu kati ya kioo na kioo ambao haufutiki ndani wala nje. Tumeambiwa dirisha zima limekufa. Je, ni kweli?

JIBU: Si kweli kwa dirisha zima. Katika ukingo wa vioo hivyo kuna upau unaovitenganisha, na ndani yake punje za kunyonya unyevu. Viziba vya ukingo vikichoka, mvuke huingia kidogo kidogo, punje hushiba, na umande huanza kuonekana. Kilichokufa ni ile jozi ya vioo peke yake. Fremu ikiwa bado imenyooka na bawaba hazijalegea, fundi huitoa jozi hiyo na kuweka nyingine ya unene uleule, kwa gharama iliyo mbali na ya dirisha jipya, na huo ndio wakati wa kudai yenye utando hata kama ya zamani haikuwa nao. Msikubali kirahisi huduma ya kutoboa kioo na kukikausha ndani: huondoa ukungu kwa muda, lakini kama gesi ilikuwapo hairudi. Wala hakuna haraka. Dirisha lenye ukungu bado huzuia joto kuliko kioo kimoja, ingawa si kama lilivyokuwa.

SWALI: Mimi sihangaiki na baridi, nahangaika na kelele za barabarani. Je, vioo viwili vitanipa usingizi?

JIBU: Vya kawaida vitakukatisha tamaa. Vioo viwili vyenye unene sawa wa milimita 4 hutikisika kwa sauti zilezile, na nafasi ndogo iliyo kati yao huunganisha mtikisiko huo, kwa hiyo huzuia kelele kuliko kioo kimoja cha unene huo kwa desibeli (kipimo cha sauti) chache tu. Kinachosaidia ni vioo vya unene tofauti, kwa mfano milimita 6 na 4, au kimoja kiwe cha tabaka mbili zilizogandishwa kwa plastiki katikati. Kwa bajeti ndogo, kilicho bora kuliko hivyo vyote ni dirisha la pili upande wa ndani, likiwa mbali na la kwanza kwa milimita 100 au zaidi. Ziba mianya kabla ya yote, kwa kuwa sauti hupita popote hewa inapopita.

SWALI: Kwetu ni joto mwaka mzima. Je, vioo viwili vinaweza kupunguza gharama ya kiyoyozi?

JIBU: Kwa kiasi kidogo kuliko unavyotarajia. Nje ikizidi ndani kwa nyuzi 8, kioo kimoja hupitisha wati 46 hivi kwa kila mita ya mraba. Jua la jioni likipiga dirisha la magharibi moja kwa moja, linaweza kuleta wati 500 na zaidi kwa eneo lilelile, na kioo angavu huruhusu zaidi ya asilimia 80 ya nguvu hiyo kupita. Ukiongeza kioo cha pili kilicho angavu vilevile, bado robo tatu hivi huingia. Kwa hiyo fedha ya kwanza iende kwenye kivuli kilicho nje ya kioo, kiwe kipaa juu ya dirisha, luva au mti, kwa sababu pazia la ndani hulikamata jua likiwa limekwisha kuingia. Ukilazimika kununua kioo, uliza kinapitisha sehemu gani ya nguvu ya jua kabla hujauliza kuhusu U. Na kama nyumba haina kiyoyozi na madirisha hukaa wazi mchana kutwa, kioo cha pili hakitakuwa na kazi.