Kikao cha Jumatatu, kazi ya Jumanne

Kuna msomaji mwenye duka la pembejeo Mwanjelwa, jijini Mbeya, na stoo ndogo Igurusi, ana watu tisa. Ameniandikia kwamba kila Jumatatu wanakaa kikao cha saa moja na nusu, wanaongea vizuri tu, wanafunga kwa sala, na wiki inayofuata wanayakuta mambo yaleyale mezani. Anauliza kama awapeleke semina ya uongozi. Asiwapeleke. Hela hiyo anunue mbolea, kisha aanze na daftari la kikao.

Piga hesabu kwanza. Watu 9 kwa dakika 90 ni saa 13 na nusu za kazi kila wiki. Na kama mnakaa jioni baada ya kufunga duka, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na zinazozidi zinalipwa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Kikao nacho ni kazi, hata kama waajiri wengi hawapendi kusikia hivyo. Kaeni asubuhi, saa 1:20 hadi 1:50, duka lifunguliwe saa 2:00. Kwa baridi ya Juni na Julai, chai ya tangawizi inywewe kabla. Chupa ikianza kuzunguka katikati ya hoja, hoja hiyo mmeshaipoteza.

Ajenda zisizidi tatu, na kila moja iandikwe kama swali. "Mbolea" haijadiliki. "Tupeleke Igurusi mifuko mingapi ya UREA kabla ya Ijumaa?" inajadilika, na ina jibu. Zitume kwenye grupu la WhatsApp Jumamosi mchana, kwa sababu mtunza stoo anahitaji muda wa kuhesabu. Tuseme wiki ilianza na mifuko 240, ikaingia 100, ikauzwa 265: stoo iwe na 75. Akihesabu akakuta 71, kuna mifuko minne haijulikani ilipo.

Pengo hilo usilipeleke kikaoni. Mwite pembeni yeye na muuzaji wa kaunta, mkiwa na vitabu vya risiti mbele yenu, mpitie siku kwa siku. Mara nyingi utakuta mfuko uliotoka kwa mkopo bila kuandikwa. Ukilimwaga mbele ya wote, utapata mmoja anayeapa na wengine wanaotazama sakafu, na kuanzia hapo hakuna atakayekuletea hesabu ya kweli.

Kinachowaangusha wengi ni yatokanayo, yaani kufuatilia yaliyoamuliwa kikao kilichopita. Muhtasari unasema "kikao kiliazimia suala la wadaiwa lifuatiliwe", kila mtu anakubali, hakuna anayelifuata. Chora daftari safu nne: kazi, nani, mwisho lini, imefikia wapi. Kwenye "nani" liandikwe jina moja tu. Ukiandika mawili, kila mmoja atamngoja mwenzake. Jina la mdogo wako wa damu liandikwe kama la wengine, na aulizwe kama wengine. Kazi nayo iwe ya kuonekana: "kuwapigia wadaiwa watano wa Uyole, kuandika tarehe waliyoahidi kulipa, Jumatano saa 10 jioni." Kazi ikiahirishwa mara mbili, msiiahirishe ya tatu. Ipunguzwe, ihamishiwe kwa mwingine, au ifutwe mbele ya wote.

Halafu kuna suala la bosi mwenyewe, na hapa nitasema bila kuzunguka. Mtu aliyekuamkia shikamoo saa moja asubuhi hawezi kukupinga nusu saa baadaye mbele za watu. Ukishasema "mimi naona tupeleke 60", wenzako watakubali kwa vichwa na mifuko itakwenda kulala Igurusi. Gawa vipande vya karatasi, kila mmoja aandike idadi yake, kisha zisomwe kuanzia kwa mdogo kabisa. Wewe soma mwisho. Mmoja akiandika 20 na mwingine 80, waulize hao wawili tu sababu zao. Wa Igurusi mpigie kwa spika na aanze yeye, maana mtandao ukikata mtakuwa mmeshamsikia. Na wawili wakianza kuteta kwa Kinyakyusa huku kijana aliyetoka Singida anatabasamu tu, warudishe kwenye Kiswahili bila ukali.

Mengineyo ndiyo yanayokula muda. Yape dakika tano, na anayetaka kusema aandikishe kabla kikao hakijaanza. Lililozuka katikati lina ukurasa wake nyuma ya daftari, litasubiri Jumatatu nyingine. Anayechelewa asirudishiwe yaliyopita, atasoma. Faini ya kuchelewa siipendi: mtu akishalipa elfu moja yake anaona amenunua ruhusa.

Kabla ya kusimama, katibu asome safu ya "nani" kwa sauti, kila aliyetajwa aitikie. Apige picha ukurasa huo na kuuweka kwenye grupu kabla duka halijafunguliwa. Alhamisi mpitie kila mmoja alipo, kaunta au stoo, umuulize kazi yake imefika wapi na nini kimekwama. Hapo ndipo utajua mapema kwamba Fuso limeharibika Chimala, badala ya kuambiwa Jumatatu.

Wiki ambayo hakuna swali lenye kuhitaji watu wote, futa kikao na utume ujumbe. Mvua zikianza na wakulima wakijaa kaunta kuanzia asubuhi, kaeni dakika kumi mkiwa mmesimama, ajenda moja: mzigo wa leo unaingia saa ngapi, nani anahesabu mifuko ikishuka, na nani anabaki kaunta.