Mwalimu Ajibu: Je, Wairaqw ni Wahamiti?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimekuta daftari la historia la marehemu baba, la miaka ya 60. Humo sisi Wairaqw tumeandikwa "Wahamiti", na majirani zetu Wamaasai na Wabarabaig "Wanailo-Hamiti". Binti yangu wa kidato cha pili akaandika hivyo kwenye jaribio, akakoseshwa. Ina maana baba alifundishwa uongo? Na ubaya uko wapi, mbona si tusi?
Msomaji, Babati

JIBU: Marahaba. Mwalimu wa binti yako yuko sahihi. Wairaqw ni Wakushi, pamoja na Wagorowa, Waalagwa na Waburunge; kilugha, ndugu zenu wa mbali ni Wasomali na Waoromo. Wamaasai na Wabarabaig ni Wanailoti, basi. Marehemu asilaumiwe, maana vitabu vya wakati wake ndivyo vilivyosema.

Jina "Wahamiti" lenyewe limetokana na Hamu, mwana wa Nuhu. (Soma Mwanzo 9:25: aliyelaaniwa na Nuhu ni Kanaani, mwana wa Hamu, wala si Hamu mwenyewe, lakini nani alijali?) Kwa muda mrefu lilitumika kudai kwamba watu weusi wote ni kizazi cha laana. Karne ya 19 likageuzwa chini juu: Wahamiti sasa wakawa eti jamaa wa Wazungu, walioshuka na ng'ombe wao kutoka kaskazini wakaja kutustaarabisha. Mwingereza John Hanning Speke, katika kitabu chake cha 1863, aliwahusisha watawala wa eneo la maziwa makuu na Ethiopia. Mwaka 1912 Mjerumani Carl Meinhof akalivisha wazo hilo joho la isimu, akawaweka Wamaasai, Wafulani na hata Wanama wa kusini mwa Afrika kundi moja na Wasomali. Hoja yake mojawapo ilikuwa jinsi ya kiume na ya kike katika nomino, kama ol- na en- za Kimaasai. Sawa, lakini Kifulani hakina jinsi hiyo, kina ngeli nyingi kama Kiswahili, na bado alikiingiza! Ukweli ni kwamba pua, kimo na zizi la ng'ombe vilipewa uzito kuliko maneno ya watu.

Aliyelivunja kundi hilo ni Mmarekani Joseph Greenberg, katika makala alizoanza kuzitoa mwaka 1949 na kitabu chake cha 1963. Yeye alilinganisha maneno. Chukua maji tu: Mjaluo husema pi, Mteso akipi, Mturkana ngakipi. Wateso na Waturkana walihesabiwa Wanailo-Hamiti, Wajaluo wakaitwa Wanailoti, na mzizi wa neno ni ule ule.

Unasema si tusi. Kweli, lilikuwa sifa, na hapo ndipo sumu ilipojificha. Nenda Rwanda. Watutsi, Wahutu na Watwa wote wanazungumza Kinyarwanda, lugha ya Kibantu. Wakoloni wa Kibelgiji wakawatukuza Watutsi kama Wahamiti waliozaliwa kutawala, na katika miaka ya 30 wakaandika kabila la kila mtu kwenye kitambulisho. Novemba 1992 mwanasiasa Léon Mugesera alisimama mkutanoni akasema kwao Watutsi ni Ethiopia, na kwamba watarudishwa kwa njia ya mto Nyabarongo. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari, maiti za Watutsi zilisombwa na mto huo hadi Kagera, na kutoka Kagera hadi Ziwa Viktoria. Anayekusifu kwamba asili yako ni ya mbali, kesho anaweza kukwambia urudi huko.

Daftari lihifadhi, ni kumbukumbu. Kwenye mtihani binti aandike Wakushi na Wanailoti. "Wakhoisan", jina la kuwajumlisha wasemaji wa lugha zenye vidoko (sauti za kualisha ulimi) kama Wahadza, bado wako vitabuni, naye ajibu kama alivyofundishwa, ingawa wanaisimu wengi hawakubali tena kwamba Kihadza ni ukoo mmoja na lugha za kusini mwa Afrika eti kwa sababu zote zina vidoko.